Uzi: Kwa nini mnyama mkubwa akipewa akili katika hadithi za fantasia hupoteza upori wake?

#1 KalamuYaKayole (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa.

Ninaandika riwaya ya fantasia ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu ni ndovu dume mzee anayeishi katika msitu wa mlimani, penye ukungu, juu ya nchi kame. Wiki mbili zilizopita nilisoma sura tatu za kwanza mbele ya kikundi chetu cha waandishi, na hukumu niliyopewa imeninyima usingizi: niliambiwa nichague moja, ama ndovu aseme ili msomaji aione akili yake, ama anyamaze na awe mnyama tu. Hakuna aliyeona njia nyingine.

Jumamosi nilikwenda Makumbusho ya Taifa, nikasimama mbele ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekwa chini ya ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970 na kufa mwaka wa 1974. Pembe zake zinashuka karibu na ardhi. Hakuna mtu aliyemfuga, hakuna aliyemfundisha lolote, na bado watu walimtazama kama mzee anayejua anakokwenda. Hicho ndicho ninachotaka kukiandika.

Dai langu ni hili: riwaya nyingi za fantasia tunazosoma zinaogopa kuweka akili na upori katika mwili mmoja. Joka anapopewa akili hupewa pia ulimi, mafumbo na tamaa ya dhahabu kama tajiri wa mjini; mbwa mwitu mkubwa anapopewa akili huwa mlinzi wa mtoto wa mfalme; simba naye hupewa kiti cha enzi. Wote wamekuwa watu waliovaa ngozi. Mnaonaje, na je, hadithi zetu wenyewe zimefanya vizuri zaidi?

#2 MwalimuWaUmoja

Kuhusu majoka ya kigeni ninakubaliana nawe, lakini jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka 19, na kila mwaka wanafunzi wangu wakikusanya hurafa, yaani ngano za wanyama, kutoka kwa wazazi wao hurudi na mpangilio uleule: akili ni ya Sungura au Kobe, na ukubwa ni wa yule atakayedanganywa. Ifikirie ngano ya kamba. Sungura anamwambia Ndovu kwamba wavutane aonekane mwenye nguvu, kisha anakwenda kumwambia Kiboko maneno yayo hayo, anawapa ncha mbili za kamba moja, na majitu hayo mawili yanavutana mchana kutwa, kila moja likistaajabia nguvu za Sungura.

Katika ngano hizo ukubwa ni vazi la mtawala. Mtambaji hakuwa akimwangalia ndovu. Alikuwa akimwangalia mkubwa wa kijiji, na baadaye mkoloni, na hadhira ilicheka kwa sababu ilimjua anayechekwa. Kwa hiyo, dada, ukitafuta ndovu mwenye akili katika hurafa zetu utapekua gunia tupu.

#3 BintiWaMachakos

Mwalimu, shikamoo. Gunia si tupu. Umelifungua upande mmoja tu. Umetaja hurafa na ngano za kiayari, zile za wajanja, ukaziacha ngano za usuli zinazoeleza asili ya mambo, na huko ndiko ndovu wetu aliko.

Nyanya yangu alitutambia hii. Palikuwa na mtu maskini aliyesikia habari za tajiri aliyeitwa Ivonya-ngia, maana yake yule anayewalisha maskini. Alipofika kwake aliona kondoo na ng'ombe wasiohesabika. Tajiri alimwonea huruma, akaamuru apewe kondoo 100 na ng'ombe 100, lakini maskini akakataa, akasema hakuja kuomba sadaka, anataka siri ya utajiri. Akapewa kichupa cha mafuta na kuagizwa ayapake kwenye meno mawili yaliyochongoka ya taya la juu la mkewe, angoje yakue, kisha ayauze. Meno yakakua yakawa pembe ndefu kama mkono wa mtu. Mume akamshawishi mkewe zing'olewe, akaziuza kwa kundi la mbuzi. Baada ya wiki chache zikaota tena, ndefu kuliko mwanzo, na safari hii mwanamke hakukubali ziguswe. Mwili wake ukapanuka, ngozi ikawa nene ya kijivu, mpaka siku moja akavunja mlango na kuingia msituni, akamzaa huko mtoto wao, naye mtoto akawa ndovu. Mume alimfuata mara nyingi. Hakurudi.

Nyanya alimaliza kila mara kwa maneno yaleyale: ndiyo sababu ndovu wana akili kama watu. Tazama basi, KalamuYaKayole, kwamba akili na upori vimekaa pamoja bila taabu yoyote. Akili ameitoa nyumbani, na upori ameuchagua baada ya kudhulumiwa. Mumewe anajua anaeleweka, naye ndovu anaelewa kila neno, na bado harudi.

#4 Mlamu_wa_Eastleigh

Kikundi chenu cha waandishi hakikulianzisha kosa hilo la kudhani kwamba mwenye akili lazima aseme, dada. Ni la zamani sana. Tuliosoma mantiki chuoni tulifundishwa fasili ya binadamu kuwa ni hayawani natiki, na neno hilo natiki hubeba mambo mawili kwa pamoja, kunena na kufikiri. Kwa fasili hiyo asiyenena hafikiri, na mwandishi anayetaka kumpa mnyama fikra hujikuta amempa ulimi bila kukusudia.

Lakini masimulizi yenyewe hayakuifuata fasili hiyo kila mara. Katika Sira, masimulizi ya maisha ya Mtume, tunasimuliwa habari za Abraha, mtawala wa Yemeni, aliyeiendea Makka na jeshi lake likiwa na tembo aitwaye Mahmud. Alipoelekezwa Makka alipiga magoti. Walimpiga kwa vyuma akakataa kuinuka. Walipomgeuza kuelekea Yemeni aliinuka na kwenda mbio, walipomgeuza kuelekea Sham alifanya vivyo hivyo, na kila aliporudishwa kuelekea Makka alipiga magoti tena. Hakusema neno hata moja, na hakuna msikilizaji aliyewahi kuuliza kama tembo yule alijua. Kwa upande mwingine, katika tendi zetu za pwani yuko ngamia anayekwenda kumlalamikia Mtume kwa kinywa chake mwenyewe. Yule anayesema ni mnyama wa kufugwa. Amekwisha kuwa ndani ya nyumba ya watu na ana haki ya kushtaki kama mtumishi. Huenda lugha ni ya wanaoishi nasi, na kitendo ni cha wanaotoka nje.

#5 Darubini

Nilifanya kazi ya msaidizi wa utafiti kule Amboseli kwa misimu mitatu, na ningependa kuongeza jambo kutoka upande wa mnyama mwenyewe, kwa kuwa hapa anazungumziwa kama vile hana habari zake.

Amboseli ndovu wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka wa 1972, kwa hiyo tunajua nani ni binti ya nani. Mwaka wa 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo ndovu walichezewa sauti za watu wakisema kwa lugha zao maneno ya kawaida, kwamba tazama, kundi la ndovu linakuja. Waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai walikusanyika na kurudi nyuma zaidi kuliko waliposikia za wanaume wa Kikamba, kwa sababu wamewahi kuchomwa mikuki na Wamaasai katika ugomvi wa maji na malisho. Sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai hazikuwatia hofu hiyo. Jaribio la awali, la mwaka wa 2007, lilionyesha kwamba wanatofautisha hata harufu ya nguo zilizovaliwa na watu wa jamii hizo mbili. Kisha mwaka wa 2024 watafiti waliochambua milio ya ndovu wa Samburu na Amboseli walieleza kwamba ndovu huitana kwa miito inayofanya kazi kama majina.

Kwa hiyo ndovu wako hahitaji kusema Kiswahili. Ana mazungumzo yake, mengine kwa sauti nzito ambazo sikio letu halizishiki, na sehemu kubwa ya akili yake ameitumia kutuchunguza sisi. Mwandishi anayempa ulimi wa mtu amemnyang'anya kilicho bora zaidi.

#6 Msomaji_wa_Matatu

Ninasoma riwaya hizi nikienda na kurudi kazini, saa tatu kwa siku msongamano ukizidi, na naona mmewaonea waandishi wake. Katika nyingi nilizosoma, mnyama ndiye anayemchagua mpandaji, na akili yake humfikia mtu kwa picha, harufu na joto, maneno yakija mwishoni au yasije kabisa. Upori haujaondolewa. Umewekwa kwenye bei: wengi wanaokwenda kuchaguliwa huungua.

Nadhani sababu ya wasomaji kupenda jambo hilo ni rahisi, nami ni mmoja wao. Mbwa akikupenda, umemlisha. Joka likikupenda, halikudai na hukulidai. Kuna watu wengi katika mji huu ambao hawajawahi kuchaguliwa na yeyote bila sababu, na hadithi hizo huwapa kitu ambacho hawawezi kukipata kwa mnyama wa kufugwa.

Na msiseme urafiki na upori havipatani katika maisha. Kaskazini mwa nchi hii Waborana humpigia mluzi uitwao fuulido yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, naye huja na kuwatangulia mti kwa mti. Jambo hilo lilithibitishwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka wa 1989. Hakuna anayemfuga.

#7 Jirani_wa_Mbuga

Mnaongea kama watu wanaolala mbali na mnyama. Nyumba yangu iko Rongai, ng'ambo ya mto Mbagathi, na kama mnavyojua, Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua upande wa kusini. Usiku simba akiunguruma karibu, mbwa wote wa mtaa hunyamaza, na ukimya wao hunitisha kuliko ngurumo yenyewe. Nikiwa kitandani huanza kuwaza: sasa amesimama wapi, anangoja nini, ameshajua mlango wa banda ni dhaifu? Mnyama mwenyewe sijamwona. Mipango yote hiyo nimemtungia mimi, gizani.

Nadhani fantasia imetoka hapo. Mwaka wa 1898 simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliwasumbua wajenzi wa reli kule Tsavo kwa miezi tisa, wakaua watu 135, wakipita katikati ya boma za miiba na mioto. Wafanyakazi waliamini kwamba hao hawakuwa simba, bali mizimu ya machifu wawili waliochukizwa na reli. Mnyama akitushinda mara moja tunasema ana bahati. Akitushinda kila usiku tunampa akili, kwa sababu hatuwezi kukubali kwamba tumeshindwa na kitu kisichofikiri.

#8 Darubini

Jirani, hoja yako nimeipenda, ila idadi hiyo irekebishwe. Hao 135 ni hesabu aliyoitoa John Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi simba hao mnamo Desemba 1898. Mabaki yao yako katika jumba la makumbusho mjini Chicago, na uchunguzi wa kikemia wa mifupa na manyoya uliochapishwa mwaka wa 2009 ulikadiria watu wapatao 35. Mmoja wa simba hao alikuwa na jino la chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake, jambo linaloweza kuwa lilimfanya aache nyati na pundamilia na kutafuta mawindo laini.

#9 BintiWaMachakos

Hata kule Tsavo chanzo ni jino. Nyanya yangu asingeshangaa.

#10 MwanaNyakach

Jirani amesema akili tunayompa mnyama ni kipimo cha woga wetu. Kwetu haikuwa hivyo. Mwaka wa 1987 moto wa nyika ulimuunguza chatu mkubwa huko Nyakach, yule aliyejulikana kama Omieri. Alipelekwa kutibiwa kwenye makumbusho ya Kisumu, akafa huko. Wazee walihuzunika kama watu waliofiwa, kwa sababu kuonekana kwake kulihusishwa na mvua na mavuno. Mwaka wa 2003 chatu jike alipotokea tena katika sehemu zilezile akiwa anaatamia mayai, mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwona, na alisema kwa uhakika kwamba Omieri amerudi.

Ninamkumbuka mama akieleza jinsi watu walivyosimama. Hawakumkaribia sana, na hawakumkimbia. Hakuna aliyedai kwamba chatu anasema, wala kwamba ni mtu aliyegeuka, wala kwamba ni mpole. Wote walijua anaweza kummeza mbuzi. Waliamini tu kwamba anajua mahali pa kuja na wakati wa kuja, na kwamba wao wana wajibu wa kutomdhuru. Mimi ningeiita hiyo ahadi. Pande mbili zisizozungumza zinaweza kuahidiana, na kila upande ukabaki mahali pake.

#11 Mfasiri_Mkongwe

Nimesoma machapisho yote tangu la kwanza, na kuna jambo lililo mbele ya macho yenu ambalo hamjalitaja. Katika #1 dada ameandika joka anapopewa akili. Katika #6 kijana ameandika joka likikupenda. Mmoja wenu amemweka joka katika ngeli ya A-WA pamoja na watu na wanyama wote, na mwingine amelitia katika LI-YA pamoja na jiwe na jengo, kwa sababu ni ukubwa wa nyoka. Sarufi inaruhusu la pili na masikio ya wengi yanakubali la kwanza, lakini maana yake si moja. Nimefasiri hadithi kwa zaidi ya miaka 30, na kila nikifika kwenye mnyama wa kutisha nakaa na kalamu mkononi nikisikiliza. Ukisema lilikuja, umelitazama kutoka mbali, ni wingi wa nyama na magamba. Ukisema alikuja, umekubali kwamba kuna mtu ndani, hata kama hujui ni mtu wa namna gani. Lugha nyingine ninazozifasiri haziniwekei uamuzi huu katika kila kitenzi.

Pili, Mwalimu, gunia lina kitu kingine. Mmisionari Edward Steere alichapisha mwaka wa 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni kisa cha nunda mla watu. Paka wa sultani anakula kuku, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, ng'ombe, punda, jibu ni lilelile, mpaka anakula watoto wa sultani mwenyewe, naye sasa amekuwa nunda. Mtoto aliyebaki anakwenda kumtafuta, na kila anapoua mnyama humletea mamaye akimwimbia, naye mama hujibu kwamba huyo siye. Punda milia siye, twiga siye, kifaru siye, ndovu naye siye. Ukubwa unapanda ngazi kwa ngazi, na hata ndovu hajafika. Nunda hasemi neno popote katika kisa hicho.

#12 MwalimuWaUmoja

Nunda nilimsahau, na ninashukuru. Hata hivyo sioni akili katika kisa hicho. Naona ulafi unaokua kwa sababu mwenye mali alikataa kuuona. Na tazameni kwamba upori wake haukutoka porini, ulilelewa ikulu. Kwa maana hiyo kinakwenda kinyume kabisa na kisa cha BintiWaMachakos, ambapo aliyedhulumiwa nyumbani alipata heshima msituni.

Kijana wa matatu, ndege wako wa asali anaingia katika kiganja cha mkono, na uzi huu unahusu wanyama wakubwa. Ukitaka mpandaji na mnyama asiyefugika, ulikuwa naye hapahapa mjini: Dkt. Rosendo Ribeiro, daktari wa Kigoa, alikuwa akiwatembelea wagonjwa wa Nairobi akiwa juu ya punda milia mwanzoni mwa karne iliyopita, na picha yake ipo. Watu wengine walijaribu baada ya hapo, lakini pundamilia hawakukubali kuwa farasi.

#13 Mlamu_wa_Eastleigh

Jirani wa Mbuga, woga wako ni wa kweli lakini unakwenda njia moja tu. Katika mojawapo ya matoleo ya safari ya saba ya Sindbad, baharia huyo anafanywa mtumwa na kutumwa kila siku apande mti na kuwapiga tembo mishale kwa ajili ya pembe. Siku moja tembo wanauzunguka mti, mkubwa wao anaung'oa, wanambeba baharia mgongoni mpaka kwenye kilima kilichojaa mifupa na pembe za tembo waliokufa, kisha wanamwacha hapo na kwenda zao. Ndipo anapoelewa: kama pembe ndizo mnazotaka, hizi hapa, tuacheni tuishi.

Hapo aliyekuwa na hofu ni tembo, na ndiye aliyefikiri. Hajawa mtumishi wa mtu kwa kitendo hicho. Amefanya biashara moja na kurudi msituni.

#14 KalamuYaKayole

Asanteni. Nimechapa uzi wote na kuubandika juu ya meza yangu.

Mfasiri, sikuwa nimeona kwamba nimeandika anapopewa. Nimerudi kwenye mswada wangu na kukuta nimechanganya: katika sura ya kwanza joka la wahamiaji ni li-, na katika sura ya tatu, baada ya kuuawa, amekuwa a-. Mkono wangu ulijua jambo ambalo mimi sikulijua.

Darubini, swali langu ni hili. Kama ndovu wa Amboseli wanatutambua kwa sauti na harufu, je, tunayoyaona ni upori, au ni ujirani wa muda mrefu uliojaa majeraha? Nilidhani mnyama wa porini ni yule asiyetujua. Sasa naanza kudhani ni yule anayetujua vizuri akaamua kukaa mbali, kama yule mwanamke aliyegeuka ndovu katika ngano ya BintiWaMachakos. Lakini sitaki kufanya haraka, kwa maana chatu wa Nyakach alikuja karibu.

#15 Msomaji_wa_Matatu

Mwalimu, nimekubali kuhusu ukubwa wa ndege. Basi nileteeni maelezo ya huyu. Mwaka wa 2002, katika hifadhi ya Samburu, simba jike aliyepewa jina la Kamunyak alimchukua ndama wa choroa na kukaa naye kwa zaidi ya wiki mbili, akilala naye, akimlinda, huku yeye mwenyewe akidhoofika kwa njaa kwa kuwa hakuweza kumwacha akawinde. Simba dume akaja akamuua ndama. Kisha jike yule akachukua wengine baadaye.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado sipati neno la kuieleza. Ingekuwa riwaya, mwandishi angelazimika kuingiza mganga au laana ya kuieleza. Ninaamini kosa kubwa la fantasia ni hapo: inamweleza mnyama mpaka anakwisha. Mwandishi aache kitendo kimoja kikubwa bila sababu, na msomaji atajua kwamba kuna akili asiyoweza kuifikia.

#16 Darubini

Kuhusu Kamunyak, tahadhari kidogo. Silika ya uzazi iliyopotea njia inaweza kueleza mengi, hasa kwa simba jike aliyetengana na kundi lake, na si lazima tumpe nia. Hapa ndipo ninapotofautiana nawe: kitu kisichoelezeka hakithibitishi akili. Ndovu wa Amboseli wananigusa zaidi kwa sababu wanaelezeka, hatua kwa hatua, na bado ni wao.

Kwa swali la KalamuYaKayole: wote wawili. Nilimwona jike mzee aliyeongoza kundi lake kuzunguka boma moja kwa mbali sana, ingawa boma lile lilikuwa limehamwa na limebaki miiba tu. Vijana wa kundi hawakuwa wamezaliwa wakati kulipokuwa na watu pale. Walizunguka pia, kwa sababu yeye alizunguka.

#17 MwanaNyakach

Jike huyo mzee ndiye mhusika. Sitaki kusoma riwaya ambayo anaeleza kwa nini alizunguka.

#18 KalamuYaKayole

Nimeifuta sura ya tatu na kuianza upya. Ninaweka hapa aya ya kwanza, mnisahihishe. Mtoto ametumwa maji usiku.

*Dude lilisimama kati ya miti, jeusi kuliko usiku. Halikusikika likipumua. Mtoto aliiweka ndoo chini, maji yakamwagika kidogo, na harufu ya maji ikatangulia mbele yake. Ndipo sikio moja likageuka, polepole, kama mlango wa mtu anayetaka kujua nani amebisha kabla ya kufungua. Alinusa ndoo. Alinusa mkono. Alinusa kovu la moto kwenye kiwiko, akalirudia, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kungoja. Mtoto akajua kwamba ameulizwa jambo.*

#19 Mfasiri_Mkongwe

Umeanza na lilisimama, na baada ya sikio umeandika alinusa, bila kutaja jina jipya la mtendaji katikati. Umekusudia? Mhariri atakusahihishia bila kukuuliza.

#20 KalamuYaKayole

Nimekusudia, mzee. Mpaka sikio linapogeuka, anayetazama ni mtoto peke yake. Baada ya hapo wanatazamana. Mhariri akibadilisha nitarudisha.

#21 BintiWaMachakos

Na kovu? Kwa nini amelirudia?

#22 KalamuYaKayole

Bado sijui. Msitu huo uliwahi kuchomwa, hilo tu ndilo nililoliandika mpaka sasa.